Huko Kupona Sikujui

Karakana, tarehe 9 Januari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mume wako na kwa huyo mdogo anayeota meno. Sisi huku tu wazima. Bibi yako amepata miwani wiki iliyopita na tangu hapo hatuna amani: anaona vumbi ambalo mwaka jana halikuwapo, na ameniambia nimezeeka ghafla. Goti lake ni lile lile. Kazi zinaendelea; watu wanashona, cherehani zinaharibika, mimi natengeneza. Bado ni mwembamba kama jina mlilonipa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu karakana yangu unaijua. Kati yangu na yule fundi viatu pana ukuta wa bati, na masikio yake ni mazuri kuliko macho ya bibi yako. Ukishasoma, choma.

Juzi redio ilisema kuna kituo cha utafiti wanajaribu tiba ya kuviondoa virusi mwilini. Si hizi dawa zetu za kuvifunga kamba, hapana, kuving'oa na mizizi. Walipotaja jina la kituo, mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Si ndipo unapofanya kazi wewe?

Mwaka huu natimiza miaka kumi na sita ya kumeza vidonge. Katika ukoo mzima unayejua ni wewe, na wewe mwenyewe unajua kwa sababu tu tuligongana kliniki siku uliyokuja kupimwa. Sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba. Wakiandika majina ya watu wa kujaribiwa, langu liwemo.

Sababu usiniulize. Mwenye kiu haulizwi maji ya nini.

Mjomba wako,
Sindano

*

Nyumbani, tarehe 2 Februari

Mjomba Sindano, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani majuma mawili, imefika imekunjamana kama imetembea kwa miguu. Tu wazima. Mtoto ameota meno mawili na ameshaniuma mara nne. Baba yake amebadilishiwa zamu, sasa tunaonana mlangoni tu, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Mwambie Bibi miwani huvuliwa pia.

Umesikia sawasawa, ni hapa. Ila nisikudanganye, maana naona unadhani nimekaa jikoni penyewe, nakoroga chungu. Mimi ni mtunza majokofu. Ninayo kumi na moja, kila moja kubwa kama kabati la nguo, baridi yake nyuzi themanini chini ya sifuri. Asubuhi nasoma kila moja, naandika, natia sahihi, jioni narudia. Ndani mna vichupa vya damu vyenye namba. Damu ya nani sijui, na ningejua nisingesema, kwa kuwa siku ya kwanza nilitia sahihi karatasi ya siri. Nikivaa zile glavu nene naonekana kama mwoka mikate aliyepotea njia.

Kwa hiyo jina lako siwezi kuliandika. Na hata ningeweza, sijui kama ningetaka. Uliniambia kipimo chako cha mwisho virusi havionekani. Unakula, unalala, unagombana na wateja. Nini unakitaka ambacho huna?

Ulisema nisiulize sababu. Nimeuliza.

Nawe uliwahi kuniuliza kwa nini niliacha duka la dawa nikaja kukaa na mabarafu. Nilikujibu kazi ni kazi. Hilo tuliache kwanza.

Mpwa wako

*

Karakana, tarehe 26 Februari

Mpwa wangu,

Salamu. Bibi yako ameikalia miwani, tumepata amani ya wiki moja. Meno ya mtoto ni habari njema. Akimaliza kukuuma wewe, atahamia kwa baba yake.

Juzi Jumanne ilikuwa siku ya kliniki. Lile benchi la nje unalijua, la mbao, lenye mguu mmoja mfupi. Habari ya redio ilikuwa imefika kabla yetu. Seremala akasema yeye anachotaka ni karatasi tu, yenye muhuri, imeandikwa *huyu amepona*, akaibandike mlangoni kwa wakwe zake. Tukacheka. Yule mama muuza mkaa hakucheka. Alisema, "Mimi wakiniambia nimepona nitaogopa. Vidonge ninavijua. Huko kupona sikujui. Na nyinyi kila mwezi nitawaona wapi?"

Kuna binti mmoja msusi, wa miaka kama ishirini na miwili, aliyezaliwa na virusi. Huwa haongei. Siku hiyo aliongea. Alisema, "Nyinyi wote mnataka kurudi mlikotoka. Mimi sina pa kurudi. Nikipona, itakuwa mara yangu ya kwanza."

Kisha wakanigeukia: na wewe, Sindano? Nikawaambia zamu yangu imefika, nikainuka. Haikuwa imefika.

Basi nikujibu wewe. Unamkumbuka Bi Vifungo? Yule mjane mwenye duka la nyuzi na vifungo mtaa wa nyuma, aliyekuwa akikupa vifungo vilivyobaki pekee bila wenzao. Miaka kumi na moja iliyopita aliingia karakana, akafunga mlango, akasema, "Sindano, mimi si msichana wa kukaa nikingoja kuposwa. Unanioa au hunioi?" Nikamwambia nina mambo yangu. Akauliza mambo gani. Nikasema mambo tu. Akatazama ile bisibisi mkononi mwangu kama ndiyo iliyojibu, akatoka. Mwezi haukuisha, akahamia mji mwingine, saa sita kwa basi.

Tangu hapo, kila mwaka hunitumia cherehani yake niitengeneze. Huko aliko kuna mafundi wanne, nimeulizia. Mwaka jana niliifungua nikakuta ubovu ni skrubu moja imelegezwa, na skrubu ile hailegei yenyewe. Nikaikaza, nikapaka mafuta, nikairudisha. Sikutia ndani hata neno.

Nataka nimwendee siku moja nikiwa sina cha kumwambia. Unanielewa? Nisiwe na habari yoyote ya kumpa. Nibishe hodi, niseme nimekuja, basi.

Niandikishe.

Mjomba wako

*

Karakana, tarehe 14 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi wazima.

Majuma karibu saba sasa nangoja. Pale posta wakiniona naingia wanatazama dari. Labda una kazi nyingi, labda nimekuudhi. Ukiwa umekasirika, andika hasira zako nizisome.

Seremala amepata habari kwamba hao wanaojaribiwa husimamishwa vidonge kwanza, ionekane kama tiba imeshika. Nikaona wakiniita nisiwe mgeni. Nimeanza kujizoeza. Leo ni siku ya kumi na moja sijameza, na sisikii kitu. Kichwa chepesi, njaa nzuri. Vidonge viko kabatini, vinanitazama kama mke aliyenuniwa.

Nijibu.

Sindano

*

Tarehe 24 Aprili, kwa mkono wa dereva wa basi

Mjomba, shikamoo. Salamu za nyumbani zitafuata.

Jana nilipoisoma barua yako nilikupigia hapo hapo. Nikakwambia rudia dawa leo. Ukanijibu, "Ndiyo, ndiyo, cherehani itakuwa tayari Ijumaa." Nikajua una watu. Sasa nimempa dereva karatasi hii na ameapa kukukabidhi mkononi. Kama bado hujameza, leo ni siku ya ishirini na moja. Weka barua chini, umeze, ndipo uendelee.

Umemeza?

Kujisikia mwepesi si kipimo. Hawa wa hapa walisimamishwa wakiwa mikononi mwa madaktari, damu yao ikitazamwa kila wiki. Wewe ulikuwa unatazamwa na nani, fundi viatu?

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa najua, na nimefungwa mdomo. Jumatatu daktari mkuu ametangaza mbele ya watu, kwa hiyo sasa naweza kusema. Walijitolea kumi na wanne. Virusi vimerudi kwa wote kumi na wanne. Wengi hawakumaliza mwezi. Mmoja alifika miezi mitano, tukawa tunanong'ona koridoni kama nyumba yenye bibi harusi ndani. Naye vikarudi. Wote wamerudishiwa dawa na wanaendelea vizuri. Utafiti umefungwa. Mwingine utaanza, lini sijui.

Yule wa miezi mitano ni mwalimu mstaafu. Ameniruhusu nikusimulie, ilimradi nisimtaje. Siku alipoambiwa, alinikuta koridoni nikisukuma kigari changu cha vichupa. Akauliza, "Damu yangu mtaendelea kuitunza?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi itunzeni vizuri. Sikuja ili nipone mimi, nilikuja ili apatikane mtu wa kupona." Akanishika bega, akaenda msalani. Alikaa humo nusu saa, Mjomba. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

Kwa hiyo usidhani mimi siitaki hiyo tiba. Naishi nayo mlango kwa mlango na bado sijaiona.

Na Bi Vifungo. Mtu anayemeza bila kuruka, na kipimo hakioni virusi, hamwambukizi mwenzake kitandani. Najua muuguzi wako amekwambia, maana huambiwa kila mtu. Miaka yote hiyo ungeweza kwenda. Sasa itabidi ungoje kipimo kingine, umejitakia mwenyewe. Lakini usiniambie tena unangoja tiba ndipo umwendee. Huogopi kumwambukiza. Unaogopa kusema.

Nisamehe ukali wangu.

Mpwa wako

*

Karakana, tarehe 20 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi sana, na zile za nyumbani ulizosema zitafuata nimezipata kwa dereva. Miwani ya Bibi imeungwa. Anasema sasa ananiona vipande viwili.

Nilimeza mbele ya huyo dereva wako, bila maji. Alinitazama akadhani nimekunywa sumu. Siku ya pili nikaenda kliniki nikakiri. Nilitarajia muuguzi anigombeze, lakini alivuta kiti, akaketi karibu nami, na hilo likanishinda. Damu ilipopimwa, virusi vilionekana. Vimeamka. Nitapimwa tena baada ya miezi mitatu.

Umesema naogopa kusema. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo, na nimeona nikulipe kwa ukweli ambao sijampa mtu.

Mama yako alipolala kwangu ile miezi minne, mimi nilikuwa nimeshapimwa. Yeye kitanda cha dirishani, mimi cha mlangoni, na karatasi yangu chini ya godoro. Kila asubuhi aliniuliza, "Kaka, redio imesema nini?" Alikuwa anaulizia dawa. Zilikuwa zimeshapatikana kwingine, kwetu bado. Nikamjibu, "Wanasema karibu." Naye akasema, "Haya, tungoje." Kila asubuhi hivyo hivyo. Siku moja akaniambia, "Ubaya wa ugonjwa huu ni upweke, kaka." Mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na ugonjwa ni huo huo. Niliinuka nikaenda kuchemsha maji.

Vidonge vilifika miaka miwili baada ya kumzika. Mimi vikanikuta. Nikivimeza naona kama nakula chakula cha mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.

Nilimwacha afe akidhani yuko peke yake. Nikasema moyoni, siku nikipona kabisa, labda na hilo litatoka.

Usinijibu upesi.

Mjomba wako

*

Chumba cha majokofu, tarehe 11 Juni

Mjomba wangu, shikamoo.

Mtoto anatambaa. Baba yake amerudishiwa zamu ya mchana, tunakula pamoja kama watu. Nakuandikia hapa kazini, karatasi iko juu ya goti, kwa sababu nyumbani nikianza nitalia na mtoto ataogopa.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Jumamosi moja ulikwenda sokoni, Mama akaniita nimwinue akae. Akasema, "Mjomba wako anaumwa kama mimi. Nilimtandikia kitanda nilipokuwa bado naweza, nikaiona karatasi." Nikamuuliza kwa nini hakwambii. Akasema, "Akijua najua, atalia. Akilia, nani atanichemshia maji?" Akacheka mpaka akakohoa.

Alipotulia akasema tena, "Ile siku nilimfungulia mlango aingie, akakimbilia jikoni. Mwache. Usimwambie kitu mpaka aseme mwenyewe kwa mdomo wake." Nikamwahidi. Tulipogongana kliniki nilidhani utasema kwamba uliumwa tangu Mama akiwa hai. Hukusema, ulinishika mkono tu ukaniuliza habari za shule.

Imekuchukua miaka kumi na minane, Mjomba.

Kwa hiyo hakuwa peke yake. Alijua nani yuko kitanda cha mlangoni. Kila alipokuuliza redio imesema nini, hakuwa anajiulizia yeye tu. Alikuwa anasema *tungoje*, hakusema *ningoje*. Umeiandika wewe mwenyewe katika barua yako na hukuiona.

Na siku ile aliniambia jambo moja zaidi. "Hao wanaoitafuta dawa, siku wakiipata mimi sitakuwepo. Wewe uwe karibu nao." Sikuwa na kichwa cha udaktari, unajua alama zangu. Nilipoona tangazo la mtu wa kutunza majokofu nikaacha duka la dawa siku hiyo hiyo.

Kengele ya jokofu la tano inalia, mlango haukufungwa vizuri. Nakwenda.

Mpwa wako

*

Karakana, Ijumaa, tarehe 28 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu kwa wote, na kwa huyo anayetambaa, nasikia sasa anashika viti na kusimama. Bibi yako mzima, amenituma nikuulize utakuja lini, na amesema usilete miwani.

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini, mgongo ukutani. Fundi viatu aliniita mara tatu kupitia bati, "Sindano, kuna nini?" Nikamwambia kaja mgeni. Miezi miwili na nusu nimeshindwa kukujibu. Kila nikishika kalamu namsikia akicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake, nilibaki na kikohozi tu. Asante, mwanangu. Hilo litoshe, nikiongeza nitaharibu.

Kipimo kilitoka wiki tatu zilizopita. Havionekani. Muuguzi akanipa karatasi, nami nikaitia mfukoni nikaenda kukata tiketi. Sikubeba cherehani wala kisingizio.

Duka lake ni dogo kuliko lile la zamani. Mitungi ya kioo imejaa vifungo mpaka darini. Alikuwa anashona kifungo cha koti la mtu. Aliniona, hakuinuka. Kichwa chake kimeanza mvi pembeni, kama mtu aliyepitiwa na unga.

Nikasema yote pale pale mlangoni, maana nilijua nikikaa sitasema. Nikamwambia, "Nina virusi. Ninavyo tangu kabla hujanifungia ule mlango."

Alimaliza kile kifungo. Akakata uzi kwa meno.

"Hayo ndiyo yalikuwa mambo yako?"

"Ndiyo hayo."

"Hakukuwa na mke mahali?"

"Mke gani?"

"Huyo mke wako nilimpa mpaka sura," akasema. "Mfupi, mweupe, anacheka hovyo. Nimemchukia miaka kumi na moja."

Nikamweleza habari ya vidonge, na kwamba kipimo kikiwa hivi simwambukizi mtu. Akauliza hilo nimelijua tangu lini. Nikasema tangu miaka kadhaa, ila niliona ningoje tiba yenyewe, nije nikiwa mzima. Akasema, "Ukangoja." Nikasema, "Nikangoja."

Akaliweka koti pembeni. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Ugonjwa wako sina neno nao, Sindano. Kaka yangu anao, nampikia. Lakini nilipokuja kwako nilikuwa na miaka arobaini na moja. Hiyo miaka mimi nani atanitibu?"

Swali hilo ninalo mpaka leo, mpwa wangu.

Hakuniambia kaa, hakuniambia ondoka. Nilisimama pale kama mteja mpaka saa yangu ya kumeza ikafika. Siku zote, ukiacha ile ya dereva, nimemeza nikiwa nimeupa mlango mgongo. Safari hii nilitoa kidonge mbele yake. Akamimina maji kwenye kikombe, akanipa, akatazama kooni mwangu.

"Ni kichungu?"

"Hakina ladha."

"Nilidhani ni kichungu," akasema, na macho yakamjaa, akageukia mitungi yake.

Basi la mwisho lilikuwa la saa tisa. Alinisindikiza mpaka kona. Pale konani akasema, kama anayemwambia mtu mwingine, "Jumapili huwa sifungui duka." Akarudi zake.

Nilimsimulia msusi kule kwenye benchi. Akaniuliza, sasa tiba huitaki tena? Nikamwambia naitaka, tena kuliko zamani, maana sasa najua inacheleweshea watu nini. Mkiipata, hata kama ni alfajiri, nipigie, na fundi viatu asikie. Yule binti apone mara yake ya kwanza. Mimi nitakuja nyuma yake.

Ile Jumapili ya kwanza nilikwenda. Tulikaa nje ya duka lililofungwa, akanieleza habari za kaka yake, nikamweleza za mama yako. Ya pili alisema ana kazi nisije, sikwenda, na juma lile lilikuwa refu. Ya tatu hajasema lolote, wala nije wala nisije. Ndiyo hiyo keshokutwa.

Shati nimelifua tangu jana. Halijakauka, na mawingu haya sijui.

Mjomba wako,
Sindano